Nimeshona Jezi ya Villafranca, na Sasa Mwenzangu Analaumiwa

Mpendwa Shangazi Verna,

Naomba unisaidie, na naomba usiniruke hata kama barua ni ndefu, maana safu yako naisoma tangu nikiwa msichana na sijawahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa mimi niliyeshika kalamu, mimi niliyezoea kuwacheka wenye shida zao huku nikinywa kahawa yangu ya Jumapili. Nina miaka arobaini na saba, nimeolewa, nakaa upande wa kusini wa mji, na majina yote humu nimeyabadilisha isipokuwa la Amauris Villafranca, kwa sababu hata ningelibadilisha hakuna mtu hapa Milwaukee ambaye angeshindwa kujua namsema nani, tangu mkataba wake umalizike mwezi wa kumi na moja hatuna habari nyingine.

Najua wewe unajua, lakini niache niseme kidogo, maana nikilitaja tu jina lake moyo unanienda mbio. Msimu uliopita mtu huyu aliupiga mpira wa besiboli kwa gongo ukatoka nje ya uwanja mara arobaini na nane, na mara moja kati ya hizo aliupiga hapa kwetu, dhidi yetu, nikasimama nikampigia makofi mpaka mume wangu akanivuta nikae, na sasa ni mchezaji huru, hana timu, anaweza kumwaga wino popote anapotaka, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe jina la timu yetu linatajwa kwenye sentensi moja na New York na Los Angeles, sisi ambao kila tukilea mchezaji akaiva wanakuja wenye fedha zao wanamchukua na sisi tunabaki kuwapungia mkono. Mji umechanganyikiwa. Mume wangu Duane anafuatilia ndege. Sitanii, ana programu kwenye simu inayoonyesha ndege ndogo za kukodi zinazotoka Santo Domingo, na juzi moja ilipopita Chicago bila kutua aliacha kijiko ndani ya supu akatoka nje kwenye theluji na soksi tupu kuangalia juu, akarudi ananiambia, "Wanakuja, mke wangu, wanakuja," na ndege ikapitiliza ikatua Minnesota, na baadaye tukasikia ilikuwa imebeba madaktari wa meno waliotoka kwenye mkutano wao. Hilo halikumkatisha tamaa. Alisema huenda Villafranca alikuwa kwenye ndege ya pili.

Sasa Shangazi, kazi yangu. Mimi ndiye ninayeshona majina na namba migongoni mwa jezi za timu, mimi na wenzangu watatu, kwenye karakana ya Bi. Ardith, ambaye alianza na cherehani moja sebuleni kwake na leo timu haimwamini mtu mwingine. Wote wanne tulitia saini karatasi kwamba kinachoingia humo ndani hakitoki, na kwa miaka kumi na tisa kwangu mimi hakijatoka, nimewahi kujua mchezaji ameuzwa kabla mwenyewe hajaambiwa, nikaenda nyumbani nikapika viazi nikanyamaza.

Jumatatu ya wiki iliyopita Bi. Ardith alifunga mlango, akashusha pazia, akaweka karatasi ya oda mezani. Nilisoma jina nikahesabu herufi. Herufi kumi na moja, Shangazi, na namba yake ile ile, thelathini na tatu. Na haikuwa jezi moja, zilikuwa tatu, moja ya mtu mzima na mbili ndogo, ya mtoto wa kama miaka sita na ya kichanga anayeanza kusimama, zote na jina lile lile mgongoni, na chini kabisa kulikuwa na jezi ya nne, ya kocha wetu wa warushaji ambaye amevaa thelathini na tatu tangu aje hapa, sasa anataka apewe hamsini na nane. Niambie wewe, mtu anaiachia namba yake hivi hivi tu? Na nani anashona jezi ya kichanga ambaye baba yake haji?

Kazi hiyo tulipewa mimi na Pa Houa. Pa Houa amekaa kwenye cherehani ya pembeni yangu miaka kumi na miwili, ana mikono aliyoirithi kwa mama yake, na ni yeye aliyenifundisha kukunja ncha ya herufi A isivimbe, na jina lile lina A tatu. Mumewe, Tou, ana kipindi chake mtandaoni cha kuizungumzia timu yetu, watu elfu kadhaa wanamsikiliza kila jioni akigombana na mashabiki, kwa hiyo unaweza kufikiri mwenyewe ni kitu gani alichokuwa amekishika mkononi mama yule. Alipomaliza jezi ya kichanga aliinyanyua, akaipima kwa kiganja chake, akacheka peke yake. Halafu akaniambia, "Dada, hii tumeishona lakini hatujaiona, sawa?" Nikamwambia sawa.

Nilikaa na siri ile siku nne. Duane ananihesabia ndege mezani, mimi nakata mkate. Alhamisi jezi zikachukuliwa, zimekunjwa kwenye karatasi laini kama za arusi. Ijumaa tukaenda kula samaki wa kukaanga pale baa tunapokwenda kila Ijumaa, meza yetu ile ile, na shemeji yangu Clayton, mdogo wake Duane, yuko pale na brandi yake na mdomo wake. Shangazi, sijui kama una shemeji kama Clayton. Ni shabiki wa timu yetu tangu utotoni na hajawahi kuisemea neno jema. Wakaanza, nani atamchukua, fulani kasikia mke wa Villafranca ameuliza habari za shule za kaskazini mwa mji, fulani kasikia ameonekana Los Angeles anaangalia nyumba, na Clayton akasubiri kila mtu amalize, akajifuta mdomo.

"Mtu wa hadhi ile aje huku kufanya nini?" akasema. "Kula jibini letu la hapa? Anakwenda New York. Nyinyi mtabaki na wale madaktari wenu wa meno."

Duane akamwambia asubiri tu ataona.

"Kaka, nasubiri tangu nimezaliwa. Hakuna mtu anayeichagua timu yetu. Tunachaguliwa na wale waliokosa pa kwenda."

Sijui ni kitu gani kilinipanda. Labda ni ile namna Duane alivyoinamisha kichwa kwenye sahani yake, maana alikuwa hana la kujibu na mimi nilikuwa nalo. Nikasema, "Clayton, funga mdomo. Jina lake nimelishona kwa mikono hii. Lake na la watoto wake."

Watu wa meza ya pili wakageuza viti vyao, na Clayton akaweka glasi chini taratibu akasema, "Shem, apia," nikaapa, na nikishaapa nikamwaga yote, jezi za watoto, namba ya kocha, yote. Duane alilia. Clayton, ambaye hata kwenye mazishi ya baba yao sikumwona akimgusa mtu, alisimama akanibusu kwenye paji la uso. Mwenye baa akatuletea bia ambazo hakuna aliyeagiza. Wote wakaahidi kunyamaza, meza yetu, meza ya pili, na mwenye baa mwenyewe akiwa ameweka mkono kifuani, na nitakuambia ukweli, Shangazi, kwa sababu kama sikuambii wewe sitamwambia mtu: sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya arusi yangu nilikuwa na viatu vinavyobana.

Jumamosi kabla ya saa sita mchana ilikuwa redioni. Mtu alipiga simu akasema kuna fundi ameona jezi kwa macho yake, za watoto pia, na namba ya kocha imebadilishwa. Kufika saa tisa watu walikuwa wanapiga honi kuzunguka uwanja uliojaa theluji, wamevaa kofia za timu juu ya kofia za baridi, na mtu amechoma soseji pale nje mwezi wa kumi na mbili kama vile mechi inaanza. Jumapili kanisani mchungaji aliuombea hata uamuzi wa Villafranca. Na mimi nilisema amina kwa sauti.

Halafu ikaja Jumatatu. Bi. Ardith alikuwa amepigiwa simu na timu, na wamemwambia kama hajui nani ametoa siri, kazi itapelekwa kwa mtu mwingine, na hiyo ni kazi yetu yote, hatuna nyingine. Akatuuliza mmoja mmoja mbele ya wenzetu. Mimi nilikuwa wa kwanza. Akaniuliza, "Ulisema popote?" nikasema hapana, na wala hakuniangalia mara mbili, akaendelea. Alipofika kwa Pa Houa hakuuliza hata swali. Alisema, "Mumeo ana kipindi."

Pa Houa akamjibu, "Mume wangu amesikia redioni kama watu wote. Ananinunia mpaka leo kwa sababu sikumwambia."

Bi. Ardith hakuamini. Nisingekuwa mimi niliyesema, pengine na mimi nisingeamini. Akamwambia achukue mkoba wake akae nyumbani, na kwamba Jumatatu ijayo ataamua kama ataendelea naye au la. Pa Houa alikunja mkasi wake ndani ya kitambaa, ule mkasi ni wake mwenyewe hatumii wa karakana, na alipopita kwangu akaniambia kuna jezi mbili za mazoezi zimebaki pale kwake, nimmalizie. Nikazimalizia.

Leo ni Jumanne. Duane anasema ninyamaze, anasema wakala wa Villafranca ametangaza kwamba uamuzi utatoka ndani ya siku kumi, na akishatua hapa timu yenyewe itasahau nani alisema nini, watakuwa wanacheza barabarani, watamrudisha Pa Houa na keki juu. Lakini nikisema sasa hivi nitafukuzwa mimi, na labda kazi yenyewe itaondoka na sote wanne tutakosa. Na mimi, Shangazi, nataka kumsikiliza Duane, kwa sababu nina hakika anakuja, nilizishika jezi zile, nikifumba macho nazihisi bado kwenye vidole. Halafu nakiona kile kiti kitupu. Je, nivumilie siku hizi chache mpaka asaini, halafu mambo yajipange yenyewe, au niseme? Usinidharau sana.

Mwenye Sindano, Milwaukee

* * *

Mwenye Sindano,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na nilipofika kwenye namba ya kocha, ambayo niliposikia redioni nilidhani ni porojo, nilipiga meza kwa kiganja mpaka mwenzangu wa ukurasa wa mapishi akaja mbio kuuliza kama nimeumia. Nikamwambia ni ganzi ya mguu. Unaona kwamba kutunza siri kunawezekana?

Tuanze na hilo la Villafranca, maana nikianza na lingine utakuwa unasoma huku unalitafuta. Marehemu kaka yangu alifua na kupanga nguo kwenye chumba cha wachezaji wa timu yetu kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa na kabati moja nyuma ya mashine za kukaushia ambalo mashabiki hawakupata kulijua. Humo ndani kulikuwa na jezi za watu ambao hawakuja. Kila mchezaji mkubwa aliyealikwa hapa kutongozwa alikuta jezi yake imetundikwa, na jina lake, na namba aipendayo, na kama ana watoto basi na za watoto. Aliivaa, akapigwa picha, akala nyama nzuri na wakubwa wa timu, akawashukuru, akaenda kusaini kwingine. Nilimuuliza kaka yangu kwa nini hawazitupi. Alisema mkono wake unakataa kutupa kitu kilichoshonwa vizuri namna ile. Nadhani nyingine ulizishona wewe mwenyewe, katika hiyo miaka kumi na tisa, ukazisahau kwa sababu hukuzipenda kama hii.

Kwa hiyo jezi si mkataba. Tunapoandikiana hivi, New York kuna mwanamke ameshona herufi zile zile kumi na moja, na Los Angeles kuna mwingine, na wote wawili wamekata za watoto, na mmoja wao nina hakika ana shemeji. Namba ya kocha ni adabu ya kumpokea mgeni, ni kumfutia kiti vumbi kabla hajasema atakaa. Anaweza kuja. Nataka aje. Nimeweka redio bafuni kwa ajili yake, mwanamke mwenye umri wangu. Lakini wewe unalolijua ni kwamba timu yetu inamtaka, na hilo hata paka wangu analijua.

Sasa tuje kwako.

La Ijumaa nakusamehe, na wala si kwa shingo upande. Ulibeba kitu kizuri kwa siku nne ukiwa peke yako, mume wako akadhalilishwa mbele ya sahani yake, na ulimi ukakuponyoka. Umekosea, umevunja karatasi uliyoitia saini, lakini ni kosa la mtu mwenye moyo. Clayton naye namwelewa kuliko unavyofikiri. Mtu anayeisema vibaya timu yake miaka yote hiyo na bado yuko pale kila Ijumaa, huyo anaumia kuliko nyinyi nyote.

La Jumatatu ni jingine. Jumatatu hukuponyokwa na kitu. Uliulizwa swali la maneno mawili na mwanamke anayekuamini, ukasema hapana, ukakaa. Kisha ukamtazama mwenzako akikunja mkasi wake kwa kosa lako, na alipokuomba ummalizie kazi ukammalizia. Hapo nilitaka nikufinye, mama. Pa Houa alikuwa na sababu kubwa kuliko yako ya kusema. Anarudi kila siku kwa mwanamume ambaye habari ile ingemfanya mfalme wa mji kwa wiki nzima, na hakumwambia, akanuniwa ndani ya nyumba yake kwa kunyamaza, kisha akatolewa kazini eti kwa kusema. Amepigwa pande zote mbili kwa kuwa mwaminifu, na wewe unaniuliza kama unaweza kuvumilia siku chache. Siku hizo anayezivumilia ni yeye.

Na huo mpango wa Duane, tuuangalie basi. Tuseme Villafranca anakwenda New York. Mji utanuna, timu itatafuta wa kumlaumu, watasema habari ilivuja ikaharibu mazungumzo, na unajua jina litakalotajwa. Baada ya hapo utasema? Hutasema. Sasa tuseme anakuja, honi zinapigwa, keki inaletwa, Pa Houa anarudishwa. Anarudishwa kama nani? Kama yule aliyetoa siri akabahatika. Atasamehewa kosa ambalo hakulifanya na atatakiwa ashukuru, na kila mara oda ya siri ikija Bi. Ardith atampa mtu mwingine, labda wewe. Mwambie Duane aendelee na ndege zake. Ana kipaji nazo, ila haya mengine ayaache.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hujaliona, na nimecheka nilipoliona, kisha nikaacha kucheka. Umebadilisha majina. Vizuri. Lakini karakana zinazoshona jezi za timu mjini hapa ziko ngapi? Na mafundi ambao waume zao wana vipindi mtandaoni ni wangapi? Umefanyiwa balaa na meza mbili za baa, ukaona dawa ni kuliandikia gazeti. Umetoa siri mara ya pili, Mwenye Sindano, na safari hii umebandika na stempu.

Ningeweza kuitia barua yako kwenye droo. Nimefikiri nikakataa, kwa sababu ukipewa droo utalala ndani yake. Kwa hiyo jibu hili nimekutumia leo Alhamisi kwa mtu wa kukuletea mkononi, kwenye ile anwani uliyoandika nyuma ya bahasha, na gazeti litatoka Jumapili. Una kesho. Kama unayasoma haya Jumapili mezani kwako na kahawa, na hujafanya lolote, basi weka kikombe chini, kwa sababu Bi. Ardith naye anasoma.

Kesho asubuhi fika kabla cherehani hazijawashwa. Usikae. Sema hivi, na usiongeze: "Ni mimi niliyesema. Ijumaa, kwenye baa. Jumatatu nilikudanganya. Pa Houa hakusema kitu." Usimtaje Clayton, hayuko kwenye hadithi hii. Usiitaje miaka kumi na tisa, mwache aikumbuke mwenyewe. Kama ni kulia, lia ukishamaliza sentensi ya mwisho. Halafu mwombe apige simu kwa timu ukiwa umesimama pale pale, kwa sababu mwenye karakana anayejua nani amekosa na anamleta mwenyewe ana nafasi ya kubaki na kazi, na yule anayebahatisha hana. Huo ndio msaada pekee unaoweza kuwapa wenzako watatu. Wewe unaweza kufukuzwa. Sitakudanganya kuhusu hilo ili ujisikie vizuri. Fundi anayejua kukunja ncha ya A atapata cherehani nyingine, si kesho, lakini atapata.

Ukitoka hapo usipitie nyumbani, Duane atakupikia chai na ujasiri utakwisha. Nenda moja kwa moja kwa Pa Houa. Usibebe keki, usibebe maua, mikono mitupu. Na umwambie mumewe akiwepo, hilo ni la lazima, kwa sababu yule bwana amemnunia mkewe wiki nzima na anapaswa kusikia kutoka kwako kwamba mkewe aliweza kilichokushinda wewe. Pa Houa akikufokea, sikiliza. Akikufungia mlango, mwambie hayo hayo kupitia mlangoni, kisha ondoka. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo. Utakuwa unamwomba kitu kingine tena.

Baada ya hapo nenda baa. Samaki wa kesho utamla kwa taabu, lakini utasimama kwenye meza yako uwaambie kwamba kuna mwanamke amekaa nyumbani kwa sababu yenu, yako na ya yule kati yao aliyeshindwa kukaa na siri mpaka asubuhi. Usimtafute ni nani. Waangalie tu, mmoja ataangalia samaki wake.

Umeniuliza pia, bila kuuliza, kama nadhani atakuja. Sijui. Nimesikiliza kila kipindi, nimesoma kila tetesi, nimeota amevaa jezi yetu akiteleza kwenye barafu ya ziwa, na bado sijui, na hakuna anayejua isipokuwa yeye na mkewe, labda hata wao bado. Mji huu wote unamngoja Amauris Villafranca aseme, na hakuna mmoja wetu anayeweza kumharakisha kwa dakika moja.

Pa Houa anakungoja wewe.

Shangazi Verna